Friji Yenye Kufuli

Kila baada ya sindano, Chiriku alitetemeka. Alianza na mabega, yakafuata meno, mwisho kitanda kizima kikawa kinagonga ukuta polepole, kama mtu anayebisha hodi huku ameona haya. Baba yake alikaa kwenye kigoda pembeni, ameshika upindo wa blanketi, asijue alivute juu au aliache. Mikono yake ilikuwa mipana, yenye makovu ya waya na gesi, na friji nyingi za mji ule zilikuwa zimekufa na kufufuka ndani yake. Mbele ya mtoto anayetetemeka, haikuwa na kazi.

"Itapita, shemeji," alisema mke wa kaka yake kutoka mlangoni, akijikausha mikono. "Kesho utamsikia anaongea kama redio."

"Kesho ni kesho. Mimi naiona leo."

"Nimeshakueleza. Homa hii si ugonjwa. Ni dawa inafanya kazi."

"Dawa ya kumkinga mtoto na homa, nayo inaleta homa," alisema. "Sawa."

Aliyemzoea alijua kwamba "sawa" yake ilikuwa na mfupa ndani. Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Hasira yake iliingia ndani ikakaa huko, ikaganda.

Na kwa Shemeji ilikuwa imekaa muda mrefu. Kabla ya Chiriku kulikuwa na mtoto wa kiume, kifungua mimba. Alipata tetekuwanga, ugonjwa ambao watoto wengine huumwa huku wanacheza, yeye ukamwingia mapafuni ukamchukua. Alifia wodini, na muuguzi wa zamu siku hiyo alikuwa Shemeji. Fundi hakumwuliza neno wakati wa msiba, wala baada yake. Aliendelea kumsalimia, kumkaribisha kiti na kumuulizia wanawe. Lakini jambo lisiloulizwa halizikwi. Kila alipomwona na lile gauni jeupe, moyo ulimwambia: huyu alikuwepo.

Basi mwaka uliofuata kung'oka kwa jino la mwisho la utoto la Chiriku, mafua yakapita mjini. Watu walipiga chafya wakaendelea na kazi. Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alinyamaza. Midomo ikawa ya buluu. Alilazwa na mashine ya hewa muda ambao mama yake hataki kuutaja mpaka leo. Alipotoka, amebaki macho na shingo, daktari aliwaita wazazi.

Alikuwa daktari mpole, mwenye desturi ya kuchora anachosema. Alichora viduara vingi vilivyobanana kama nyumba za mtaa.

"Kirusi kikiingia nyumba moja," alisema, "nyumba hiyo hupiga king'ora. Majirani wakisikia, wanafunga milango. Sauti ya king'ora hicho ndiyo tunaiita intaferoni. Mwili wa binti yenu hauna king'ora. Kirusi kinaingia kama mwenye nyumba."

Mama Chiriku akataja habari ya yule wa kwanza. Daktari aliweka kalamu chini. "Pole sana, mama. Huenda naye alikuwa hivihivi." Kisha akaeleza kwamba king'ora hicho hutengenezwa kiwandani, mtu akachomwa sindano kila wiki, mwili ukae macho. "Haikatazi kirusi kuingia, msinielewe vibaya. Inampa mtoto nafasi ya kupigana. Na kwa watu wa aina yake bado haijatolewa kwa wengi."

Katika maneno yote hayo, Fundi alitoka na manne: bado haijatolewa kwa wengi.

"Umemsikia?" alimwuliza mkewe njiani.

"Nimesikia mtoto atapata nafasi."

"Kila mtu husikia kwa sikio lake," alisema.

Shemeji ndiye aliyejitolea kuleta dawa kutoka hospitalini na kumchoma mtoto nyumbani, kila wiki akitoka kazini. Hakuombwa. Hilo nalo Fundi alilitia akilini. Mtu asiyeombwa anatafuta nini?

*

Dawa ilikuja kwenye mabomba madogo ya sindano yaliyokwisha kujazwa, kila moja ndani ya kiboksi chake cha karatasi. Shemeji alimwonyesha mke wa Fundi pa kuiweka: ndani ya friji ya nyumbani, chini kabisa, kwenye droo ya mboga.

Fundi aliporudi na kukuta dawa ya mwanawe imelala kati ya nyanya na karoti, alisimama akaitazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua.

"Nani kaiweka hapa?"

"Shemeji yako. Kasema hapohapo, chini."

"Chini ndiko friji inakokuwa na joto. Mtoto mdogo anajua."

"Mimi ninajua kushona, baba Chiriku. Yeye kasema chini, nimeweka chini."

Umeme nao ulikuwa na tabia zake, unaondoka bila kuaga na kurudi bila salamu. Na friji ya nyumbani ilifunguliwa na kila mwenye kiu. Fundi alilala akiwaza, na alfajiri alipopiga magoti karakanani, kama ilivyokuwa desturi yake, kati ya friji zilizong'olewa milango na kompresa zilizofunguliwa matumbo, alimwambia Mungu: "Bwana, kazi hii nayo umenipa mimi. Mikono ninayo."

Aliiunda friji ile kwa mikono yake. Alichukua kijifriji cha hoteli iliyofungwa, akakivisha koti nene la sponji, akakifungia betri ili umeme ukikatika kisijue. Kisha akakifanyia jambo alilokuwa akiwafanyia wateja wake wa samaki na nyama, wakamsifu kwalo mji mzima: alikitoa kile kidude kinachozima mota baridi ikitosha, akaunga waya moja kwa moja. Kidude hicho alikiita mwajiriwa mvivu. Mota ikawa haipumziki. Akaiweka karakanani, juu ya meza, mbali na jua, akahamishia dawa humo.

"Baridi haina unafiki," alimwambia mkewe akiwa ameridhika. "Kitu ukikipa baridi ya kutosha, hakikugeuki."

Alikumbuka pia walivyoelekezwa, kwamba bomba litolewe mapema lipungue ubaridi, lisimwumize mtoto. Kwa hiyo siku ya sindano, mchana, alitoa kiboksi kimoja bila kukifungua, akakiweka juu ya kabati chumbani. Shemeji alipofika jioni alikikuta kinamngoja.

Kutetemeka kukaisha.

Mara ya kwanza walidhani bahati. Mara ya pili mama Chiriku aliimba akiwa jikoni. Chiriku alichomwa, akashuka kitandani, akaenda kubishana na mama yake juu ya nani alimaliza sukari. Ukuta haukugongwa. Fundi alishukuru, akalala kama gogo.

Shemeji peke yake hakufurahi. Alimshika Chiriku paji la uso, akasubiri, akamshika tena.

"Hujisikii baridi? Viungo haviumi?"

"Siumwi popote, mama mkubwa. Ila njaa."

"Homa hupungua mwili ukizoea," alisema Shemeji, kama anayejisemea. "Hupungua kidogokidogo. Haizimwi kama taa." Aliliokota bomba tupu, akaliinua kwenye mwanga, akalizungusha. Kisha akamgeukia Fundi. "Shemeji, hii dawa nani mwingine anaishika?"

"Mimi. Na wewe."

"Basi."

"Basi."

Walitazamana. Shemeji akalifunga bomba lile tupu ndani ya pamba na kulitia mkobani, badala ya kulitupa kwenye kopo kama kawaida. Fundi aliona. Furaha yake ikapata ufa.

*

Ufa huo ulitiwa kabari na mwenye bucha, aliyeleta friji yake haigandishi.

"Binti anaendeleaje?" aliuliza, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Siku hizi hatetemeki."

"Kaacha ghafla?"

"Ghafla."

Mwenye bucha alivuta mdomo upande. "Niliwahi kuwa na mfanyakazi. Nyama inaingia hivi, inatoka hivi, katikati inapungua. Nikiuliza naambiwa paka. Nimemtafuta paka huyo mpaka nikawa nalala dukani. Kumbe paka ana miguu miwili, na kila asubuhi ananiamkia shikamoo."

"Unataka kusema nini?"

"Mimi? Mimi nimesema friji yangu haigandishi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi aliipokea methali hiyo moyoni kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiingoja. Dawa ile ilikuwa ya thamani, kila mtu alijua. Ilipita mikononi mwa mtu mmoja kutoka hospitalini hadi kwake. Ilipokuwa dawa, mtoto alitetemeka. Sasa hatetemeki, na mwenye kuileta amekuwa wa kwanza kuuliza nani mwingine anaishika. Mwizi hodari ndiye hupiga kelele ya mwizi. Na lile bomba tupu alilolificha, kama si kuficha ushahidi, ni nini?

Alinunua kufuli, akalitia kwenye kijifriji. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi, chini ya shati.

"Unamfungia nani?" mkewe aliuliza. Aliuliza akiwa na sindano za nguo mdomoni, anakunja upindo, lakini macho yake hayakuwa kwenye upindo.

"Simfungii mtu."

"Kufuli lisilomfungia mtu sijawahi kuliona. Mume wangu, huyo mwanamke anatoka kazini miguu imevimba, anakuja hapa. Chai yenyewe hamalizi."

"Asiyemaliza chai ana haraka ya kuondoka."

Mama Chiriku alitoa sindano mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa. "Siku hiyo ya mwanetu nilikuwepo na mimi," alisema. "Mbona mimi hunifungii?"

Fundi aliugusa ufunguo chini ya shati. Alfajiri iliyofuata alipiga magoti palepale penye kompresa, akaomba ombi ambalo hakumwambia mtu: "Mungu, mwanangu anaharibiwa dawa. Nionyeshe mkono unaoiharibu. Uniwekee mbele ya macho yangu, nisiwe na shaka."

Akaliomba kila siku. Naye Shemeji, kila alipokuja, alimwomba Chiriku amsimulie baba yake hufanya nini mchana, nani huingia karakanani, kama amewahi kumwona anafungua viboksi. Chiriku alikuwa chiriku. Maswali yote aliyafikisha kwa baba yake yakiwa moto.

"Anauliza mimi nafungua viboksi?"

"Eti ulikuwa huipendi homa yangu. Nikamwambia hata mimi nilikuwa siipendi."

Fundi alicheka bila kufungua meno.

*

Kisha mafua yakarudi mjini, na safari hii yakapitia chumba cha mafundi cherehani alikofanya kazi mama Chiriku. Alirudi nyumbani anatetemeka, macho mekundu. Chiriku alikuwa amekwisha kumkumbatia mlangoni, anamweleza habari za shule, kabla mtu hajafahamu. Mama alipokohoa, wote watatu waliganda. Akamsukuma mwanawe taratibu kwa kiwiko, akajifunika uso kwa mtandio, akatoka kwenda kulala kwa dada yake bila kuchukua hata nguo.

"Dawa anayo mwilini," alisema kutoka nje ya dirisha. "Si anayo? Baba Chiriku, mtoto si anayo dawa?"

"Anayo," alisema Fundi.

Kulipokucha hakuomba. Aliwasha taa ya karakana, akavua ufunguo shingoni, akafungua kijifriji. Kwa mara ya kwanza alikichana kiboksi mwenyewe, akatoa bomba, akaliinua kwenye mwanga kama alivyomwona Shemeji akifanya.

Lilikuwa limeganda. Ndani yake kulikuwa na barafu, nyeupe katikati na angavu pembeni, kama ile aliyoikwangua maisha yake yote.

Alichana kiboksi kingine. Barafu. Cha tatu, barafu.

Alikaa kwenye ndoo. Maji, alijisemea. Haya ni maji. Hakuna anayeyajua maji yaliyoganda kuliko mimi. Dawa yenye thamani namna ile, dawa ya kiwandani, ingeganda kama maji ya bomba? Wametoa dawa wakajaza maji. Mungu alikuwa amemjibu.

Alivipanga viboksi ndani ya kisanduku cha barafu, ushahidi usiyeyuke njiani. Akamwomba jirani wa kike amwangalie Chiriku kwa kupitia dirishani, asiingie, asimshike. Akavaa shati la kuendea ibadani.

*

"Nimekuleteeni mwizi," alisema, akakiweka kisanduku juu ya meza ya daktari.

Daktari alimtazama, akatazama kisanduku. Shemeji, aliyeitwa kutoka wodini, alisimama karibu na kitanda cha kupimia wagonjwa, kofia ikiwa imepinda.

Fundi alitoa bomba, akaligonga mezani. Likalia ko, kama jiwe.

"Daktari, dawa ya kweli inaganda? Mimi ni fundi wa friji. Maji yakiganda nayajua kwa sura na kwa sauti. Mtu amechukua dawa ya mwanangu akamjazia maji. Mtoto ameacha kutetemeka kwa sababu anachomwa maji. Na mama yake sasa anaumwa mafua, na mtoto amemkumbatia." Hakumtazama Shemeji, lakini mle ndani hakuna ambaye hakujua maneno yameelekea wapi. "Dawa imepita mkono mmoja tu. Mnaufahamu."

Shemeji aliinyoosha kofia.

Daktari alilichukua bomba, akalisugua kwa kidole gumba mpaka umande ukatoka. "Mzee wangu, lilikuwa kwenye friji gani?"

Na Fundi, pamoja na hasira yote, alishindwa kuizuia fahari yake. Alieleza. Kijifriji cha hoteli. Sponji. Betri. Kile kidude alichokitoa, mota isilale. "Mjini hapa huwezi kupata baridi kama ile. Hata chumba cha maiti hakina," alisema.

Fundi alipokuwa akieleza, daktari alivua miwani. Shemeji aliketi taratibu juu ya kitanda cha wagonjwa, akafunika uso kwa mikono.

"Yai ukishalichemsha," daktari aliuliza kwa sauti ya chini, "unaweza kulirudisha liwe bichi?"

"Hapana."

"Baridi nayo hupika. Dawa hii ni kama ute wa yai. Inataka ubaridi, haitaki kuganda. Ikiganda inavurugika, na ikiyeyuka utaona maji yaleyale masafi, lakini hatuwezi tena kuiamini. Hakuna aliyeiba, mzee. Ilitoka hapa ikiwa dawa."

Fundi alisimama. Aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya kisanduku: mpana, wenye makovu ya waya. Alikuwa ameomba auone mkono unaoharibu dawa, uwekwe mbele ya macho yake, asiwe na shaka. Ulikuwa hapo.

"Nilisema iwekwe penye mboga," alisema Shemeji kutoka nyuma ya viganja vyake.

"Ulisema penye mboga." Sauti ya Fundi ilikuwa kavu. "Hukusema kwa nini."

Shemeji alishusha mikono. "Sikusema kwa nini," alikubali. Kisha akaongeza: "Na mimi nilidhani ni wewe. Nilidhani unamwonea huruma, unamwaga dawa na kujaza maji. Lile bomba nililileta hapa nikiuliza pa kulipima, nikaambiwa hapana. Nimekuwa nikija kwako kila wiki nikikutazama mikono."

"Na mimi yako."

"Nilijua."

Daktari alikuwa amekwisha kuinuka. "Haya yenu mtayamaliza. Mtoto amekaa na mgonjwa lini?"

"Jana."

"Basi leo. Sasa hivi. Ikimkuta mapema ndipo inasaidia."

*

Walirudi pamoja bila kuzungumza, Shemeji amekumbatia kisanduku kingine, chenye dawa mpya, iliyofungwa kwa kitambaa isiguse barafu. Njia nzima Fundi alitaka kusema neno moja, na kila lililokuja lilikuwa dogo. Walipofika, Shemeji alivaa barakoa, akanawa, akamchoma mtoto, akaketi.

Safari hii walingoja wote wawili.

Jua lilishuka kwenye ukuta. Chiriku alisimulia habari za mwalimu wa hesabu, za paka wa jirani, za rafiki yake mwenye viatu vinavyolia. Alisimulia sana, na Fundi hakusikia hata moja. Alikuwa anatazama mabega. Daktari alisema wasiifanye homa kuwa ndiyo kipimo, kuna wanaoizoea. Lakini alikuwa baba, na hakuwa na kipimo kingine.

"Ile siku ya kaka yake," alisema ghafla, macho bado yakiwa kwenye mabega ya mtoto. Hakumalizia.

Shemeji alinyoosha gauni juu ya magoti. "Nilimshika mkono mpaka mwisho. Zamu yangu ilikuwa imeisha, sikuondoka. Alikuwa akikuulizia wewe, kama umemaliza ile friji ya shule. Nikamwambia umemaliza." Akamtazama. "Hukuwahi kuniuliza, shemeji. Nami niliona ukiniogopa, nikasema labda siku moja."

Fundi aliinamisha kichwa. Aliomba bila magoti, bila maneno mengi. Hakuomba kuonyeshwa chochote. Aliomba baridi.

Chiriku alikatiza habari katikati. Akajikunyata. "Baba," alisema, "nani kafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa limefungwa. Bega likaruka. Kisha la pili. Meno yakaanza, na kitanda nacho, ko, ko, kikaanza kubisha hodi ukutani. Fundi Baridi alijikuta amecheka na machozi yanamtoka, ameshika upindo wa blanketi kwa mikono yote miwili.

"Tetemeka, mwanangu. Tetemeka tu."

"Nyie watu," alisema Chiriku, meno yakigongana, "hamna akili nzuri."

Shemeji alicheka ndani ya barakoa. Fundi akatoa uzi shingoni na kumpa ufunguo. Shemeji aliupima kiganjani, akamrudishia.

"Kile kidude ulichokitoa, kipo?"

"Kipo kwenye kopo la skrubu."

"Kirudishe kwanza. Ndipo nichukue ufunguo."

*

Chafya ilikuja baada ya siku chache, asubuhi, Chiriku akiwa anafunga viatu. Nyumba nzima ilisimama. Mafua yalimlaza, yakamkohoza, yakamfanya mkali kama pilipili, na Fundi alikaa nje ya mlango wake akisikiliza pumzi, sikio kwenye mbao, akiihesabia kila moja kosa kabla haijafanya. Mara mbili alimwita Shemeji mbio. Mara mbili Shemeji alikuja, akasikiliza kifua, akatazama midomo, akaondoka bila kuita gari la wagonjwa.

"Baba, nakiona kivuli chako chini ya mlango," alisema Chiriku siku moja, sauti imekwaruza. "Ingia au uende. Halafu ule mtihani wa hesabu, sikiliza, mwalimu alisema..." Akaanza, na hakunyamaza mpaka chakula cha mchana. Mama yake, aliyekuwa amerudi mwembamba lakini mzima, aliacha kushona akasikiliza kelele ile kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi.

Jioni ya sindano iliyofuata, Shemeji alipita karakanani kwanza. Kijifriji kilikuwa juu ya meza ileile. Kidude kilikuwa kimerudi mahali pake, na mota ilinguruma, ikanyamaza, ikapumzika. Ndani, kwenye uzi, kilining'inia kipimajoto alichokileta yeye kutoka hospitalini. Alikisoma.

"Kinasemaje?" aliuliza Fundi kutoka nyuma yake.

"Vizuri. Baridi ya mboga."

"Kitazame tena."

Alikitazama tena. "Vizuri, shemeji. Kipimo chenyewe ni cha hospitali. Hukiamini?"

"Nakiamini. Na friji naiamini." Alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Aliyeiunda ndiye simwamini. Soma mara moja zaidi, halafu ufunge."

Shemeji alisoma mara moja zaidi. Akafunga kufuli, akaliyumbisha kuona kama limeshika, akautia ufunguo katika mfuko wa gauni lake jeupe.